Kuazima Mpelelezi, Kuazima Mzimu

Litapunga na Katumba, upande wa Nsimbo mkoani Katavi, kuna familia ambazo wazee wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Hadithi zao za Kirundi zina mjanja wake, Samandari. Za Kiswahili zina Abunuwasi, naye ni mgeni vilevile: mshairi wa Baghdad wa enzi za Harun al-Rashid aliyegeuzwa mwerevu wa mtaani. Katika masimulizi hakuna anayeuliza nani alitunga kwanza. Kinachoulizwa ni kama msimulizi wa leo amenogesha.

Riwaya, kwa kuwa ina jina la mtu jaladani, huzua shutuma za wizi. Lakini tazama Shaaban Robert. Adili na Nduguze (1952) inafuata kisa cha Abdullah bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela: kodi inachelewa, mjumbe anatumwa, na usiku anamwona liwali akichapa wanyama wawili kisha akiwalisha. Kiunzi ni kilekile. Ila mbwa wamekuwa nyani, na ndugu wawili waliogeuzwa wanyama hao, Nasir na Mansur, wamekuwa Hasidi na Mwivu. Kwa majina hayo msomaji anamjua mbaya tangu mwanzo, hivyo anachofuatilia ni jinsi wema unavyostahimili husuda. Kisa cha maajabu kimegeuzwa mizani ya maadili.

Muhammed Said Abdulla yeye aliazima Uingereza. Bwana Msa wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ana kiko na jicho la Sherlock Holmes, na Najum anashika nafasi ya Watson. Hata fumbo lina jamaa: katika The Hound of the Baskervilles (1902) kifo kinasingiziwa laana ya mbwa wa kishetani; kwa Abdulla, maiti inakutwa mzimuni. Tofauti ni kwamba Holmes anaondoa hofu iliyoandama ukoo mmoja wa kitajiri, ilhali Bwana Msa anagusa mahali panapoheshimiwa na jamii. Akifumbua, anayehojiwa si muuaji peke yake, bali pia imani iliyomficha.

Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 hulinda namna wazo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Kwa msanii hicho ni kipimo cha chini mno. Chukulia mwandishi wa Litapunga anayetaka kumpeleka mpelelezi kwenye mkwaju wa Ziwa Katavi, ambako watu huacha sadaka kwa mzimu wa Katabi. Mkwaju huo leo umo ndani ya hifadhi ya taifa. Mtambikaji na askari wa wanyamapori, kila mmoja ana dai lake juu ya ardhi ileile, na Bwana Msa hakuwahi kukabiliwa na mgogoro wa namna hiyo. Riwaya ikiuchimba, mkopo umezaa. Ikiukwepa, mwandishi atakuwa amehamisha kiko tu.