Nyumba kwa Nani? Historia ya Makazi ya Umma Tanzania Bara na Mafunzo Yake

Suala la nyumba halielezeki kwa kuhesabu matofali na mabati peke yake. Hapana budi tuulize: nani anamiliki, nani anapanga, na kodi inaingia mfukoni mwa nani? Mwanachuo mmoja aliniuliza darasani: "Ndugu Mkufunzi, Serikali ikimpangisha mtu nyumba miaka mingi, kisha ikamuuzia, imejenga usawa au imezaa mwenye nyumba mwingine?" Swali hili linataka jibu la historia, si la hamasa.

1. Urithi wa Ukoloni

Mji wa Dar es Salaam ulipangwa kwa ubaguzi. Wazungu walijitengea Oysterbay kwenye upepo wa bahari. Katikati ya mji palikuwa Uhindini. Mwafrika aliwekwa Kariakoo na Ilala. Machoni pa mkoloni Mwafrika wa mjini alikuwa mpita njia: nguvu zake zilitakiwa, familia yake haikutakiwa. Kota za kupangisha zilizojengwa Ilala, Temeke na Magomeni katika miaka ya mwisho ya ukoloni hazikutosha. Wafanyakazi wengi waliendelea kupanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Mara nyingi mwenye nyumba naye alikuwa mnyonge, akiishi katika chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki.

2. Hatua za Baada ya Uhuru

Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na mkoloni ulifutwa kwa sheria, ili ardhi isiwe bidhaa ya walanguzi. Shirika lilianza kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pale pale. Nia ilikuwa njema, lakini kubomoa nyumba moja na kusimamisha nyingine hakuongezi nyumba, na wakati huo watu walikuwa wakimiminika mjini kila mwaka.

Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Wengi wa walioguswa walikuwa wenye asili ya Asia, na uchungu wa hatua hiyo ulikumbukwa muda mrefu. Tukumbuke pia kwamba kutaifisha kulibadili mwenye nyumba. Hakukuongeza hata chumba kimoja.

Benki ya Nyumba ilianza kazi mwaka 1973 ili mwananchi wa kawaida apate mkopo wa kujenga nyumba yake ya kwanza. Mwaka 1974 ulifuata mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, ambao waajiri waliuchangia asilimia 2 ya mishahara. Katika miaka hiyo hiyo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikawekewa huduma badala ya kubomolewa. Hayo yalikuwa mageuzi ya fikra: Serikali ilikiri kwamba kabwela anajua kujijengea, akipewa ardhi, maji na barabara.

3. Penye Kasoro

Mkopo ulihitaji kiwanja chenye hati. Kabwela wa Manzese hakuwa na hati. Ulihitaji pia kipato cha kurejesha, naye kibarua hana mshahara wa mwezi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya manufaa iliwaendea wenye mishahara mizuri na wenye kujua milango ya ofisi, na viwanja vingi vilivyokusudiwa wanyonge vikaishia mikononi mwa wenye nacho. Tena mikopo mingi haikurejeshwa, na aliyeshindwa kulipa hakuwa maskini peke yake. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995.

Kabla ya hapo, mwaka 1990, Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, kiongozi aliruhusiwa kupangisha nyumba. Mwaka 2002 Serikali ilianza kuuza nyumba zake kwa watumishi wa umma. Nyumba iliyojengwa kwa jasho la wote ikawa ya mmoja, na anayekuja kushika kazi baada yake akakosa pa kulala. Sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 iliyafungulia mlango mabenki, lakini sharti la hati na kipato cha uhakika lilibaki pale pale.

4. Magomeni Kota na Jibu la Swali

Wapangaji wa zamani wa Magomeni Kota walihamishwa, nyumba zikavunjwa, wakasubiri miaka. Mwaka 2016 waliahidiwa nyumba mpya, na kukaa miaka mitano bila kodi. Mwaka 2022 zilizinduliwa nyumba za ghorofa kwa kaya 644. Hapo haki ya mpangaji wa umma ilitambuliwa kwa vitendo, japo kwa kuchelewa.

Basi jibu kwa mwanachuo ni hili. Kumuuzia mpangaji si dhambi, na kupangisha si fadhila. Kipimo ni viwili: je, aliyefaidika ndiye aliyekusudiwa? Na je, fedha iliyorudi imejenga nyumba ya anayesubiri nyuma yake? Mpango ukifaulu kimoja na kushindwa kingine, umeganga jeraha na kuacha ugonjwa.

Kada anayetaka kutetea sera ya nyumba asianze na hotuba. Aingie mtaani, ahesabu wapangaji, aulize kodi na hati, ndipo arudi kwenye kikao. Na akikuta jina lake mwenyewe katika orodha ya waliogawiwa kabla ya wanyonge, aanze kujikosoa hapo.