Okapi wa Mbeni

Barabara ya Butembo kwenda Beni inaacha baridi ya vilima na kuteremka hadi ukingo wa msitu. Ukifika Beni asubuhi isiyo na mawingu, Ruwenzori inaonekana mashariki, theluji juu. Njia za wachoraji wa zamani zilipita chini yake, katika bonde la Semliki.

Kabla ya kamera kuenea, afisa wa Uingereza alifundishwa kuchora sawa na kupima ardhi. Chuo cha kijeshi cha Woolwich kilimweka mchoraji Paul Sandby kuwa mwalimu tangu 1768. Kapteni James Grant alipopita Karagwe mwaka 1862 alikuwa na rangi zake za maji; michoro yake imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland. Huku kwetu alikuja Luteni William Stairs, mhandisi wa jeshi katika msafara wa mvumbuzi Stanley. Juni 1889 alipanda Ruwenzori hadi zaidi ya mita 3,200, makorongo yakamzuia. Miaka miwili baadaye aliongoza kikosi kilichomuua mfalme Msiri kule Katanga. Kusoma mandhari hakukuwa kazi ya starehe tu.

Harry Johnston hakuwa mwanajeshi, bali Kamishna Maalumu wa Uingereza nchini Uganda, aliyesomea uchoraji London. Mwaka 1900 alivuka Semliki hadi ngome ya Mbeni akiwarudisha Bambuti, wenyeji wa msitu huo, waliochukuliwa na Mjerumani aliyetaka kuwaonyesha Paris. Ngomeni aliwakuta askari wamevaa mikanda ya ngozi yenye milia. Bambuti walimwonyesha nyayo za mnyama mwenye ngozi hiyo, okapi, kwato zimepasuka mbili. Bwana mkubwa akakataa: kichwani mwake alikuwa anatafuta farasi wa msituni!

Mwaka 1901 Karl Eriksson, Mswidi aliyetumikia Dola Huru ya Kongo hapo Mbeni, akampelekea ngozi nzima na mafuvu. Ndipo Johnston akachora okapi kwa rangi za maji, mwili wa kahawia iliyoiva na miguu ya milia, bila kumwona akiwa hai. Wataalamu wakamwita mnyama huyo Okapia johnstoni.

Mchoro ni mzuri, siubezi. Lakini waliomjua okapi, na kusema kweli kuhusu kwato zake, ni Bambuti. Mwalimu wa Beni au Butembo anayeuonyesha darasani aanze kwa kuwataja hao, Johnston afuate.