Saa za Kuruhusiwa Kukimbia

Juu ya ghorofa tunayokaa Umoja, Nairobi, kutoka tenki la maji hadi ukuta wa upande wa barabara ni hatua 31. Nilizihesabu Aprili 2020, jioni baada ya jioni, nikiinama kupita chini ya kamba za nguo na kupishana na Mama Kevo wa orofa ya tatu, aliyezunguka kinyume changu, leso kiunoni, ndara miguuni.

"Leo umefika ngapi, jirani?"

"Arobaini."

"Hapo mimi nilishapita kitambo."

Kabla ya mwezi huo hakuna kati yetu aliyewahi kupanda huko ila kwa kuanika na kuanua.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona Machi 13, 2020. Wiki mbili baadaye, Machi 27, kafyu ikaanza: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kila mtu kwake. Mapema Aprili, Nairobi na viunga vyake ikafungwa, huingii hutoki. Mombasa, Kilifi na Kwale vilevile. Jimu nyingi zilikuwa zimeshafunga milango. Hakuna aliyekatazwa kukimbia saa sita mchana, lakini ni nani hukimbia saa sita mchana? Mtu wa kazi hufanya mazoezi alfajiri kabla hajaondoka, au jioni akisharudi, na hizo ndizo saa ambazo kafyu ilizimega. Mbio tulizoziona Jogoo Road zilikuwa za saa kumi na mbili unusu: wazee kwa vijana wakitimka, mikoba kwapani, viatu vya ofisini miguuni, wawahi nyumbani kabla ya kukutana na rungu la polisi.

Kwingineko serikali hazikuacha jambo hilo lijipange lenyewe. Ziliandika sheria za mazoezi. Uingereza iliruhusu zoezi la nje mara moja kwa siku. Ufaransa ilimtaka anayetoka abebe karatasi aliyojiandikia mwenyewe, yenye saa ya kutoka, asizidishe saa moja wala asivuke kilomita 1 kutoka kwake. Na mjini Paris, kuanzia Aprili 8, kukimbia kati ya saa nne asubuhi na saa moja jioni kukawa marufuku. Hispania ilikaza zaidi. Watu wazima hawakuruhusiwa kutoka kufanya mazoezi hadi Mei 2, na hata hapo kila rika likapewa saa zake, wazee zao, watoto zao, kama zamu za kisimani.

Afrika Kusini ndiyo iliyonishangaza zaidi. Kuanzia Machi 27 ilikuwa marufuku kukimbia, marufuku hata kumtembeza mbwa, na pombe na sigara haziuzwi. Wiki tano watu walizunguka nyua zao, wale wenye nyua. Mei 1 mlango ukafunguliwa kidogo: saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, ndani ya kilomita 5 kutoka nyumbani, barakoa usoni. Asubuhi hiyo ya kwanza njia ya watembea kwa miguu ya Sea Point, kandokando ya bahari mjini Cape Town, ilifurika. Mwezi Mei huko jua huchomoza saa moja imeshapita, kwa hiyo sehemu kubwa ya saa ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa giza. Walitoka vivyo hivyo. Naamini wengine hawakuwa wamekimbia tangu shule ya msingi, lakini kitu kikipangiwa saa huwa kama maji ya mgao: hata asiye na kiu hutoka na ndoo.

Jirani zetu wa Uganda walipata somo la aina yake. Aprili hiyo Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku mazoezi ya nje, baada ya makundi kuonekana yakikimbia pamoja barabarani. Kisha akatoa mfano mwenyewe. Video ikasambaa: Mzee yuko ofisini, nguo za michezo za kijivu, miguu mitupu, anakimbia kutoka ukuta huu hadi ule, halafu anashuka sakafuni na kupiga pushapu 30. Alikuwa na umri wa miaka 75. Watu walicheka, wakaiga, wakashindana. Ila ofisi ile ilikuwa kubwa kuliko nyumba za wengi waliokuwa wakimtazama. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, jiko na watoto wanne, utakimbilia wapi?

Karibu na Toulouse, Ufaransa, kuna mtu aliyekimbia marathoni nzima, kilomita 42 na ushei, kwenye roshani ya nyumba yake yenye urefu wa mita 7, akienda na kurudi kwa zaidi ya saa sita. Dunia ikampigia makofi. Mwezi uo huo wa Machi, usiku wa tarehe 30, mtoto wa miaka 13 alikuwa amesimama kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, hapa Nairobi, polisi wakilazimisha kafyu barabarani. Risasi ikampata huko juu, akafa. Ninazitaja roshani hizi mbili pamoja kwa sababu kila ninaposoma jinsi watu walivyojifunza kufanya mazoezi nyumbani mwaka ule, nakutana na ile ya kwanza tu.

Hata Iten, mji ambao lango lake linajitambulisha kuwa makao ya mabingwa, ulionja. Kambi za mazoezi zilifungwa, kila mkimbiaji akaambiwa akimbie peke yake, na wanariadha waliopatikana wakikimbia kwa kundi wakakamatwa. Asiyelijua Bonde la Ufa anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Lakini kule kundi ndilo mwalimu: ndilo linalokuamsha kabla jua halijachomoza, mmoja akikata upepo mbele, mwingine akishika kasi ambayo peke yako ungeiachia kilomita ya ishirini. Bingwa wa marathoni Eliud Kipchoge mwenyewe ilibidi aiache kambi ya Kaptagat na kukimbia bila wenzake. Marathoni ya London, iliyokuwa ifanyike Aprili, ilisogezwa hadi Oktoba 4, ikawa ya wakimbiaji wa kulipwa pekee, wakizunguka St James's Park bila mashabiki. Kipchoge alimaliza wa nane. Sisemi ni upweke wa miezi ile uliomwangusha. Yeye alitaja sikio lililoziba. Siku hiyohiyo maelfu kwa maelfu ya wakimbiaji wa kawaida walikimbia umbali uleule, kila mmoja mtaani kwake, simu mfukoni ikimhesabia.

Simu hizo zilihesabu mengine pia. Watafiti walipitia rekodi za hatua za watu zaidi ya 455,000 katika nchi 187. Siku 30 baada ya Shirika la Afya Duniani kuutangaza ugonjwa huo kuwa janga la dunia, Machi 11, hatua za kila siku zilikuwa zimepungua kwa asilimia 27.3. Nchini Italia upungufu ulifikia asilimia 48.7, Sweden, ambako watu hawakufungiwa, asilimia 6.9 tu. Ni hesabu za wenye simu za kisasa, sawa. Lakini nusu ya hatua za Mwitaliano haikupotelea jimu. Ilipotelea kituo cha basi, ngazi za ofisi, sokoni, kwa rafiki wa mtaa wa pili.

London ilikuwa imeshaliona jambo hili zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima; konda alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Basi moja, barabara moja, lakini madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makonda. Hakuna aliyemwambia konda kwamba anafanya mazoezi. Makanga wa matatu za Umoja, anayening'inia mlangoni na kuruka kabla gari halijasimama, naye hajaambiwa.

Wala Mama Kevo. Yeye huuza nguo za mitumba Gikomba. Alfajiri hubeba mzigo wake, na jioni hutembea hadi Hamza ndipo apande matatu, maana ukipandia mbele nauli hupungua. Machi 2020 serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba, na marobota hayakurudi hadi Agosti. Siku za mwanzo alikaa tu. Kisha magoti yakaanza kumuuma, akashangaa: amepumzika, mbona anaumwa? Ndipo akapanda juu. Mimi nilipanda kwa sababu nilikosa kukimbia. Yeye alikosa kazi, na kazi ilipoondoka ilikuwa imebeba mwendo wake wote.

Kafyu ya Kenya iliondolewa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, baada ya karibu miezi 19. Huko Marekani, Peloton, kampuni ya baiskeli za kupigia zoezi sebuleni iliyokuwa imeshindwa kukidhi mahitaji ya wateja wakati watu wamefungiwa, iliachisha kazi watu 2,800 Februari 2022. Paris ilibakiza njia nyingi za baiskeli ilizozichora haraka wakati wa korona. Hapa Nairobi kuna marafiki zangu waliozoea kutoka saa kumi na moja kamili, dakika ile kafyu ilipoisha, na mpaka leo hiyo ndiyo saa yao, ingawa hakuna anayewapangia.

Mimi bado napanda kwenye tenki siku za mvua. Juzi nilishuka nikiwa nimelowa jasho, nikakutana na Mama Kevo kwenye ngazi za orofa ya pili akitoka Gikomba, furushi kichwani, mfuko mkono wa kulia. Nikataka kumpokea, akakataa. Akasimama kidogo kuvuta pumzi, akaniangalia viatu.

"Bado unazunguka huko juu? Si uje kesho unibebee."