Shaba, Reli na Waya wa Breki: Gitaa la Umeme Lililoundwa Nyumbani

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Iliyoivuta hadi huku ni shaba ya Kilembe, mgodi ulio mlimani, kilomita chache kutoka mjini. Shaba iliteremshwa bondeni, ikapakiwa kwenye mabehewa hadi Jinja, ikayeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, kisha ikaendelea na safari ya Mombasa na ng'ambo. Mwezi Juni wa mwaka huohuo, upande wa pili wa Kongo, jijini Léopoldville ambalo leo ni Kinshasa, kundi la vijana lilianzisha bendi iliyoitwa OK Jazz.

Ukitaka kujua gitaa la umeme liliingiaje katika nchi ya Wakonzo, hapa Kasese, kuanzia Munkunyu hadi Bwera, matukio hayo mawili yaweke pamoja. Huku shaba na mshahara wa mgodini, kule muziki unaovuma redioni.

Katanga, kusini mwa Kongo, ilikuwa imekwisha kuonyesha njia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, Likasi ya leo, akipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada na kuimba kwa Kiswahili. Huo nao ulikuwa mji wa shaba. Migodi ilikusanya watu wa makabila mengi mahali pamoja, ikawapa fedha za mwisho wa mwezi, na wenye maduka hawakukawia kuwaletea cha kununua. Gallo, kampuni ya Afrika Kusini iliyotoa santuri, ilitengeneza pia magitaa ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone. Gitaa la kwanza la John Lennon wa The Beatles lilikuwa Gallotone lililotoka Durban, jambo ambalo wengi wanaodhani kila kitu cha muziki huteremka kutoka Ulaya kuja kwetu hawalijui.

Gitaa la umeme lilikuja nyuma kidogo. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kufanya kazi na studio ya CEFA, na ndiye anayetajwa kuwa alilileta jijini humo. Baada ya miaka michache tu hapakuwa na bendi ya maana isiyokuwa nalo. Sauti ilisafiri kwa redio, ikasafiri kwa santuri, ikasafiri na watu wenyewe. Mpondwe ya Uganda na Kasindi ya Kongo zimetenganishwa na mto Lhubiriha tu. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanaelewana lugha na kuoana, na siku za soko mpaka huwa njia ya kupitishia samaki, kahawa, vitenge na nyimbo. Wala watu wa huku hawakuanza kuunda ala siku gitaa lilipofika. Endara, marimba ya Wakonzo ambayo magogo yake hulazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, huchongwa kwa patasi na kupimwa kwa sikio. Anayeweza kupunguza ubao mpaka utoe sauti anayoitaka ameshajifunza nusu ya kazi ya gitaa.

Lakini gitaa lenyewe lilikuwa ghali, na hapa ndipo pananikera katika namna historia yetu ilivyoandikwa. Imeandikwa kwa majina ya waimbaji na namba za santuri. Aliyeranda mbao na aliyezungusha waya hatajwi, na anapotajwa hutajwa kama kichekesho cha umaskini, mtu aliyesubiri kupata gitaa la kweli. Mimi naona kinyume chake. Gitaa la nyumbani ndilo la kwanza, na la dukani limelifuata.

Mfano mkubwa ni Franco mwenyewe, Luambo Makiadi, nguzo ya OK Jazz. Alizaliwa mwaka 1938 huko Sona Bata, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Akiwa na miaka kama 7 alijiundia gitaa la kopo, nyuzi zake zikiwa waya za umeme zilizomenywa plastiki. Mama yake alikuwa akiuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri, na mtoto alikaa karibu akipiga kopo lake ili kuwavuta wateja. Mkono uliokuja kuitikisa Afrika nzima ulifunzwa na kopo lile. Na kopo lenyewe tunalijua kwa simulizi tu.

Sasa turudi kwenye shaba. Gitaa kavu huhitaji tumbo ili lisikike. La umeme halihitaji tumbo, linahitaji shaba. Chini ya nyuzi za chuma huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi unapotetemeka hutikisa nguvu ya sumaku, na ndani ya waya huzaliwa umeme mdogo unaofuata mtetemo uleule. Umeme huo hupelekwa kwenye amplifaya, na spika huugeuza kuwa sauti. Mafundi hukiita kifaa hicho pikapu. Katika magitaa ya Fender, kampuni ya Marekani, ya miaka ya 1950, waya huo ulikuwa na unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kama unywele, na ulizungushwa karibu mara 8,000. Ukiunyoosha, unapita kilomita moja. Shaba iliyotoka Afrika kwa tani ilikuwa ikirudi kwa uzito wa gramu, ndani ya redio, simu na transfoma ndogo, na fundi wa kijijini aliitoa humo.

Wamarekani nao hawakuanza na kiwanda. Les Paul, ambaye jina lake limeandikwa kwenye moja ya magitaa maarufu zaidi duniani, alisimulia kwamba alipokuwa kijana huko Wisconsin alichukua kipande cha reli, akakikazia uzi mmoja wa gitaa, akaweka chini yake kipokezi cha simu kilichounganishwa na redio ya mama yake. Alitaka kujua uzi utaimbaje ukikazwa juu ya kitu kizito kisichotikisika, akagundua kwamba unaimba muda mrefu. Kutokana na wazo hilo, karibu mwaka 1940, aliunda gitaa lake lililoitwa gogo, kwa kuwa katikati yake palikuwa na boriti la msonobari.

Kongo ililifikisha jambo hili mbali zaidi. Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono N°1 aliunganisha likembe, ala ndogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na spika kwa kutumia sumaku za vipuri vya magari yaliyokufa, na mwaka 2004 albamu ya bendi hiyo iliwashangaza Wazungu waliodhani umeme wa muziki ni mali yao. Kinshasa ina fundi anayejulikana kama Socklo, ambaye kwa miaka mingi amejenga magitaa ya umeme kwa mbao za huko na vyuma vilivyookotwa.

Anayeamua leo kuunda lake nyumbani Munkunyu anaanza akiwa na vitu vingi mkononi. Barabara ya kutoka Kikorongo kwenda Bwera ndiyo njia ya malori ya mbao kutoka Beni na Mambasa, na mahogani ya Kongo ni mti wa gitaa kwa ubora wowote unaoupima. Kasoro yake ni maji. Mti mbichi wa msituni ukichongwa shingo kabla haujakauka, joto la tambarare ya Kasese litaupinda. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kama kilo 45, na shingo isiyo na chuma ndani yake itainama kama upinde. Mbao na ziachwe juu ya dari kwa miezi, na chuma cha shingoni kisirukwe.

Kazi inayowashinda wengi ni freti, vile vyuma vya shingoni. Kuna wanaozipanga kwa kuiga gitaa la jirani, na kuna wanaotafuta kwa sikio, lakini hesabu yake si ngumu. Pima urefu wa uzi unaopigwa, tuseme milimita 648 kama Fender. Gawa kwa 17.817: unapata 36.4, na hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Toa hizo 36.4, salio 611.6 ligawe tena kwa 17.817, unapata 34.3 za kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Endelea hivyo. Freti ya 12 ikiangukia nusu kamili, milimita 324, hesabu yako ni sahihi. Spoki za baiskeli hufaa kuwa freti, kama ambavyo zimefaa kwa miaka mingi kuwa funguo za likembe. Nyuzi hupatikana kwa kufumua waya wa breki. Mfupa wa ng'ombe hushikilia nyuzi pale juu ya shingo. Fender nao walitumia mfupa.

Pikapu ikishazungushwa itumbukizwe kwenye nta iliyoyeyuka, ya mshumaa ikichanganywa na ya nyuki, na moto uwe mdogo. Waya usipogandishwa kwa nta hutikisika ndani, na ukiongeza sauti gitaa hupiga kelele ya kutoboa masikio. Pasipo amplifaya, redio kaseti yenye tundu la kuingizia sauti inatosha, na betri ya gari iliyochajiwa kwa sola.

Msomaji anayeogopa kwamba gitaa la namna hii litakuwa la kitoto amtazame mpiga gitaa aliyekuwa mwenzi wa Freddie Mercury katika bendi ya Queen. Freddie, mzaliwa wa Mji Mkongwe Zanzibar mwaka 1946, aliimba maisha yake yote ya Queen huku pembeni yake Brian May akipiga gitaa ambalo May na baba yake, Harold, walianza kuliunda nyumbani London mwaka 1963. Shingo ilitoka kwenye ubao wa mekoni wa zamani, na matundu ya wadudu yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Springi zilikuwa za injini ya pikipiki kuukuu. Alama nyeupe za shingoni zilikuwa vifungo vya lulu kutoka kwenye sanduku la ushonaji la mama yake. Gitaa hilo limejaza viwanja vya mpira, na lina kitabu chake.

Ikabaki rangi. Fundi samani wa barabarani pale Kinyamaseke anajua kila kinachohitajika: vumbi laini la mbao na gundi kuziba vitundu, msasa wa 120, kisha 240, kisha 400, vanishi nyepesi iliyopunguzwa kwa thina, ikauke, isuguliwe, ipakwe tena. Msasa wa majini umalizie, na mwisho kitambaa na dawa ya kung'arishia magari. Na kwenda kwa mpuliza rangi wa gereji si kubahatisha, kwani rangi zilizowapa sifa Fender wa miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa rangi za magari za kampuni ya DuPont.

Lakini kabla ya kufunga shingo kuna jambo moja ambalo ningependa kila fundi wa Munkunyu na Bwera alifanye. Magitaa ya nyumbani hayadumu yakiwa mazima. Moja likichoka, funguo zake huhamia kwa jingine, pikapu hutolewa, ubao huenda jikoni, na kwa hiyo makumbusho hayana kitu cha kuonyesha. Katika kiwanda cha Fender huko Fullerton, wafanyakazi wa miaka ya 1950 waliandika kwa penseli tarehe na herufi za majina yao kwenye kitako cha shingo, mahali panapofunikwa na mwili wa gitaa. Mmoja wao, Tadeo Gomez, anajulikana leo duniani kote kwa herufi mbili tu, TG, na shingo zenye herufi hizo hutafutwa na wakusanyaji. Penseli hapa petu si ghali. Jina, kijiji, mwaka, mti ulitoka wapi, na nani alizungusha waya: yote yanaenea kwenye sehemu ile ambayo vanishi haifiki.