Krismasi na Hadithi za Upelelezi

Somo letu la historia jioni hii halihusu wafalme wala vita. Lahusu vitabu, na hasa desturi moja ya Waingereza ambayo mgeni akiiona hushangaa. Krismasi kwao ni sikukuu ya amani. Watu hurudi makwao, huoka nyama, hupeana zawadi. Na katika zawadi hizo hakosi mtu kupata kitabu kinachoeleza jinsi fulani alivyouawa. Bibi mwenye heshima zake, akiisha kula akashiba, huketi karibu na moto akasoma kwa furaha habari za sumu na kisu. Kwa nini?

Yafaa tuanze na majira. Mwezi wa Desemba huko Uingereza, saa kumi jioni giza limekwisha ingia, na baridi haimruhusu mtu kukaa barazani. Zamani watu walizunguka moto wakasimuliana hadithi za mizimu, kama sisi tulivyosimuliwa za majini na mazimwi. Charles Dickens alipotoa kitabu chake A Christmas Carol, tarehe 19 Desemba 1843, nacho kilikuwa hadithi ya mizuka. Kuanzia mwaka 1850 gazeti lake, Household Words, lilitoa toleo la pekee kila Krismasi, na wapiga chapa wengine wakafanya vivyo hivyo, maana waliona kuwa wakati huo watu wana nafasi ya kusoma na wana senti mbili tatu za kutumia. Basi msidhani desturi hii ilizuka yenyewe kama uyoga. Nusu yake ni kazi ya wafanya biashara.

Huku nyuma, Marekani, Edgar Allan Poe alikuwa amekwisha andika hadithi ya namna nyingine mwaka 1841. Wanawake wawili wameuawa Paris katika chumba kilichofungwa kwa ndani. Majirani wamesikia sauti isiyoeleweka. Kwa msimuliaji wa zamani jambo hilo lingekwisha palepale: ni shetani. Lakini Poe alimleta Dupin, mtu wa kawaida asiye askari, akaenda kutazama misumari ya madirisha. Hiyo ndiyo hatua kubwa ninayotaka mwishike leo. Mzimu hauulizwi ushahidi. Mpelelezi hawezi kufanya kazi bila ushahidi.

Njia hizo mbili, ya Krismasi na ya upelelezi, zilikutana mwaka 1887. Daktari mmoja kijana, Arthur Conan Doyle, aliuza hadithi yake ya kwanza ya Sherlock Holmes kwa pauni 25 tu, haki zote zikaenda pamoja nayo. Ilitoka katika kitabu cha mwaka kiitwacho Beeton's Christmas Annual. Miaka michache baadaye, katika gazeti la Strand la Januari 1892, aliandika kisa cha Krismasi hasa, nacho nataka tukitazame kwa utaratibu.

Johari ya buluu ya bibi mmoja mkubwa imeibwa katika hoteli London. Aliyekamatwa ni John Horner, fundi wa mabomba, aliyeitwa chumbani kutengeneza kitu. Horner alipata kufungwa zamani kwa wizi. Basi nani atashughulika kuuliza zaidi? Fundi maskini, chumbani aliingia, na jina lake limo katika daftari la polisi. Kumbe siku zile mtu mwingine ameokota bata bukini njiani, na mkewe alipompasua, johari ikaonekana kooni mwake.

Holmes hakutumia uchawi. Alitaka kujua bata alitoka wapi. Akaenda kwenye kilabu kilichomgawa, kutoka hapo mpaka kwa muuzaji sokoni Covent Garden. Muuzaji mkali, hataki maswali. Holmes akabishana naye kwa makusudi, akasema bata yule alilelewa shamba, wakawekeana dau la pauni moja. Muuzaji akaleta vitabu vyake vya hesabu ili ashinde, na humo ndimo lilimokuwa jina la mwanamke aliyemfuga bata mjini. Holmes akapoteza pauni akapata njia. Mwisho ikajulikana kuwa mwizi ni mtumishi mkubwa wa hoteli, aliyemlisha bata johari ili kuificha, kisha akachukua bata mwingine aliyefanana naye.

Wengi huisifu hadithi hii kwa sababu Holmes alimsamehe mwizi, kwa kuwa ni siku za kusamehe. Mimi nalitazama zaidi jambo la Horner. Bila mtu mmoja kufuata bata, fundi yule angefungwa kwa kosa asilolifanya, na watu wangekula sikukuu yao kwa raha kabisa.

Baada ya vita vya 1914-1918 hadithi hizi zilienea mno. Agatha Christie alikuwa mtoa dawa katika hospitali ya Torquay wakati wa vita, na huko alijifunza habari za sumu. Mnamo Desemba 1927 alimtoa gazetini Bibi Marple, mwanamke mzee asiyeolewa, afumaye sweta kijijini, ambaye hakuna anayemjali. Naye ndiye aonaye wasiyoyaona maaskari. Mwaka 1938 akatoa Hercule Poirot's Christmas. Mzee tajiri aliyechuma mali ya almasi Afrika Kusini awaita watoto wake wote nyumbani kwa sikukuu, kisha auawa. (Muuaji simtaji. Atakaye na asome.) Hapo twaona kwa nini Krismasi inafaa sana kazi hii: ndugu waliochukiana wanalazimika kula meza moja, urithi unanong'onwa, theluji imefunga njia, na hapana mgeni wa kusingiziwa. Hata mwaka 2014 Maktaba ya Uingereza ilipopiga chapa tena Mystery in White, hadithi ya 1937 ya abiria waliokwama thelujini siku ya kuamkia Krismasi, watu waliigombea madukani.

Hata hivyo vitabu hivi vina kasoro. Damu ni kidogo, chai ni nyingi, na kitabu hufungwa kabla kamba haijatajwa. Nayo kamba ilikuwapo, maana Uingereza iliendelea kuwanyonga wauaji mpaka miaka ya 1960.

Je, sisi tumo? Tumo. Katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 ya East African Literature Bureau, aliyeshinda alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960. Hakina Krismasi wala theluji. Tajiri wa mashamba aonekana amekufa penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kuwa mzimu umemchukua. Aja Bwana Msa, na kiko chake na sahibu yake Najum; si askari, ila ana subira ya kuuliza. Jina la kitabu lenyewe lakumbusha ule moto wa Waingereza na hadithi zao za mizuka.

Kazi ya vikundi vya kusikiliza kwa juma hili ni hii. Someni hadithi moja ya upelelezi, ya Bwana Msa au nyingine, mwachie mbele ya sura ya mwisho. Andikeni jina la mtu anayeshukiwa zaidi, aliyeanza kumtaja, na kitu gani mtajaji alikiona kwa macho yake mwenyewe. Mleteni karatasi hizo kwenye kikao kijacho, kisha ndipo mfungue sura ya mwisho pamoja.