Bustani ya Kasri na Vilua vya Uani Kwetu



Siku hizi harusi za Pemba hazijakamilika mpaka zipigwe picha. Wenye uwezo huvuka kwenda Unguja na mabwana zao, wakasimama Forodhani au pale Mizingani penye Makumbusho ya Kasri. Kwa kuwa magauni mengine tumeyashona sisi, picha hutufikia mapema. Tunatazama mshono kwanza, kisha tunatazama mahali. Ukipiga picha yenye bustani iliyo baina ya Kasri na Beit al-Ajaib, utaona majani, miti na ukuta mweupe, ukasema pazuri. Wachache wanajua kuwa kipande kile cha ardhi kilikuwa na nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa ya wanawake.

Zamani pale pufukweni palikuwa na majumba matatu yaliyoungana. Beit al-Sahel lilikuwa jumba la Sultani. Beit al-Ajaib lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mambo ya fahari. Katikati yake lilikaa Beit al-Hukm, makaazi ya wake, masuria na wanawake wa nyumba ya kifalme. Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia Kasri bila ya ridhaa ya Waingereza, waliokuwa wakimtaka Sayyid Hamoud bin Mohammed. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zikapiga mizinga. Haikufika hata saa moja, na watu wapatao 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Vitabu vya skuli vinavitaja vita hivi kwa ufupi wake, kama mzaha: vita vifupi kuliko vyote duniani. Sisi hatuoni cha kuchekesha.

Beit al-Ajaib lilisalimika. Beit al-Sahel liliharibika, likajengwa upya, na ndilo Kasri tunaloliona leo. Beit al-Hukm halikujengwa tena, na kiwanja chake kikafanywa bustani. Yaani nyumba ya Sultani ilirudi na nyumba ya wanawake ikapandwa maua. Masultani waliendelea kukaa Kasri mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Baadae jumba likatumika kwa kazi za serikali, na mwaka 1994 likafunguliwa kuwa makumbusho. Ndani mna vitanda, meza, makabati ya nguo, na chumba kizima cha Sayyida Salme. Pembeni ya jumba, kwenye uwanja wenye miti, yamo makaburi ya Sayyid Said na baadhi ya wanawe. Ukifika wape salamu na uwaombee dua, kabla hujamwambia mpiga picha ajipange.

Sayyida Salme ndiye aliyetuachia habari za bustani za wakati ule. Alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaposimulia Mtoni haanzi na dhahabu. Anataja ua mkubwa wenye paa na tausi na mbuni wakitembea huru, michungwa mirefu karibu na nyumba za kukogea, na mto uliolipa jumba jina lake. Mtoto wa kike wa kifalme alikuwa na jua, maji na mti wa kupanda. Leo Mtoni ni magofu. Marahubi, alipojenga Sayyid Barghash, pia ni magofu tangu moto wa mwaka 1899. Nguzo zimebaki, na watu bado huonyeshwa miembe na mahali pa mabwawa yaliyokuwa na mayungiyungi.

Bustani hizi zina ukoo mrefu. Maji yaendayo, kivuli, matunda na harufu: Waislamu walizipanga hivyo kutoka Uajemi mpaka Andalusia, maana Qur'ani imetueleza Pepo kwa sura ya bustani zenye mito. Mpaka leo kuna wanaofuata. Makumbusho ya Aga Khan yalipofunguliwa Toronto, Kanada, mwaka 2014, hawakupanda maua ya kujazia nafasi. Walimpa kazi mtaalamu wa bustani kutoka Lebanon, Vladimir Djurovic, akapanga miti kwa mistari na kutandaza mabwawa matano ya maji, kwa mfano wa bustani ya Kiajemi iliyogawiwa sehemu nne. Kwao bustani ni sehemu ya makumbusho, sawa na chungu kilichomo ndani ya kabati la kioo.

Lakini hizo zote ni bustani za watu wakubwa, zenye majina na mafundi wao. Kuna bustani nyengine ambayo haijawahi kuwekewa kibao, nayo ni ile ya uani kwa bibi. Nani kati yetu hakuikuta? Mkilua kwenye kona, muasumini umetambaa juu ya ua, mrehani karibu na pipa la maji, mlangilangi kwa jirani unaonukia mpaka barabarani, na mkadi kwa mwenye bahati. Bustani hiyo ilikuwa na mpango wake. Mrehani uliwekwa karibu na maji kwa sababu unakunywa sana. Asumini ilipandwa inapofikiwa kwa mkono, kwani huchumwa vichomozi jioni kabla haijachanua, ikafunguka usiku kichwani mwa mwenyewe.

Na mkilua ndio wetu khasa. Karafuu asili yake visiwa vya Maluku, langilangi imetoka Asia ya Kusini-Mashariki, asumini imekuja na majahazi ya Bara Hindi. Mkilua ni mti wa mwambao huu wenyewe, Kenya na Tanzania. Wataalamu wa mimea walipoupa jina la kitaalamu mwaka 1970 walilichukua neno letu kama lilivyo: Mkilua. Ua lake kwa macho si kitu, linaning'inia tu, kijani linalokwenda manjano. Mgeni atalipita. Lakini vilua viwili ndani ya kikuba, na asumini na kijiti cha mrehani, chumba kizima kinajua kuna harusi.

Kikuba ni cha ndani, tukumbushane. Dini yetu imetuelekeza harufu nzuri tuwapambie waume zetu, si njia nzima. Na Mtume (S.A.W.) ametufunza anayepewa rehani asiikatae, kwani ni nyepesi kuibeba na harufu yake ni nzuri. Hekima hiyo bibi zetu waliifanyia kazi bila ya kuisemea jukwaani.

Somo anapomuweka biharusi ndani, singo yake inatoka kwenye ua huo huo: asumini, langilangi, mrehani, mawaridi, vikasagwa na liwa. Hapa Pemba tunaongeza karafuu iliyolowekwa kwenye marashi, na si ajabu. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo sisi ndio wenye karafuu. Ngozi ya biharusi wa Kipemba ina historia hiyo ndani yake.

Sasa nyua zinajengwa. Kijana anapoongeza vyumba viwili vya kukodisha, wa kwanza kukatwa ni mkilua, kwa kuwa hauzai chakula. Dukani kwetu wateja wanaagiza maua ya plastiki ya kubandika kwenye mtandio, na tunayauza, biashara ni biashara. Ila akitokea mmoja akataka kikuba cha kweli, tunalazimika kumtuma mtu shamba siku moja kabla, na mara nyengine anarudi na asumini peke yake. Mabinti wa miaka ishirini tunawaonyesha kilua wanauliza ni nini.

Chake Chake tunayo makumbusho yetu, ndani ya ngome kongwe. Ina habari za Ras Mkumbuu na miji mengine ya kale, na tunaisifu. Tunachokitaka ni mkilua mmoja uwanjani kwake, muasumini ukutani, mrehani kwenye mtungi, na kibao kinachosema jina la mti, wakati wa kuchuma, na kazi yake kwa biharusi na kwa mzazi. Gharama yake haifiki ya kabati moja la kioo. Watoto wa skuli wanaoletwa pale wataona magofu ya wafalme, kisha watanusa kitu alichokuwa nacho bibi yao.

Kwa upande wetu tunaanza na miche. Asumini hushika kwa kijiti ukikipanda wakati wa mvua. Mrehani humwagwa mbegu tu. Mkilua ndio wenye taabu, unataka mbegu, kivuli na subira ya miaka. Kwa hivyo dada yetu wa Wete, wa Mkoani, wa Micheweni, ukiwa na mkilua uliozaa uani kwako, usiyaache matunda yakaoza chini. Tuwekee, tutamtuma mtu kuyachukua, na kila biharusi atakayechukua gauni kwetu mwaka huu atapewa mche wake pamoja na nguo.