Ngonjera na Akili ya Kudadisi: Sanaa katika Shule za Umma za Tanzania



Mhadhara huu unahusu nafasi ya sanaa katika shule za umma nchini Tanzania. Mada hiyo ni pana mno kwa saa moja, hivyo nitaitazama kupitia utanzu mmoja tu, yaani ngonjera. Hoja yangu ni kwamba historia ya ngonjera shuleni inatuonesha jinsi sanaa inavyoweza kupewa heshima kubwa na taifa, na wakati huohuo ikanyang'anywa kazi yake ya kumfanya mtoto afikiri.

Tuanze na mwaka 1962. Tarehe 10 Desemba, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba waliosoma katika shule za kikoloni walifundishwa nyimbo na dansi za Wazungu, huku ngoma za wazazi wao zikiachwa nje ya lango la shule. Maneno hayo yalikuwa na uzito wa pekee kwa sababu msemaji mwenyewe alikuwa amefundisha Tabora na Pugu, na hali ya shule hizo aliifahamu kwa karibu.

Zaidi ya miaka minne baadaye, mwezi Februari 1967, lilitolewa Azimio la Arusha, na mwezi Machi ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Mara nyingi tunaukumbuka waraka huo kwa mashamba na majembe. Hata hivyo, miongoni mwa mambo uliyoyadai kwa mwanafunzi ni akili ya kudadisi, pamoja na uwezo wa kujifunza kutokana na wengine na kuyakataa au kuyarekebisha yasiyomfaa. Kwa kipimo hicho ndipo inatupasa kuipima ngonjera.

Ngonjera ni ushairi wa kujibizana. Aliyeupa umbo lake la kisasa na kuueneza ni Mathias Mnyampala, mtunzi kutoka Ugogo, aliyefariki mwaka 1969. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilienea shuleni katika miaka ya 1970. Muundo wake unajulikana: pande mbili hukutana, mmoja ukiwa na mashaka au ujinga kuhusu jambo fulani, mwingine ukiwa na elimu. Hubishana kwa mizani na vina, na mwishowe upande wenye mashaka hukubali. Ujamaa, kilimo bora, elimu ya watu wazima, yote hayo yalipitishwa katika mkondo huo.

Kujibizana kwa mashairi hakukuanza wakati huo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitupiana tungo na washairi wa Lamu katika mvutano wa kisiasa baina ya miji hiyo miwili. Katika majibizano yale, kila upande ulikuwa na mshairi wake, na kila mshairi alikuwa na hoja pamoja na hasira ya kweli. Hakuna aliyeandikiwa kushindwa. Ngonjera ya shuleni, kinyume chake, ilitungwa na mkono mmoja, na mkono huo uliamua mshindi kabla ya mtoto wa kwanza kufungua kinywa. Umbo la malumbano lilibaki, lakini malumbano yenyewe yakawa yametoweka.

Sisemi kwamba ngonjera haikuwa na faida. Katika madarasa yenye vitabu vichache, iliwapa watoto Kiswahili sanifu masikioni na vinywani. Iliwafundisha kuhifadhi, kupumua, kusimama wima mbele ya kadamnasi na kusikika hadi nyuma. Mtoto wa mkulima alipata nafasi ya kusema mbele ya wazee na viongozi. Faida hizo hazikuwa ndogo, na mwalimu yeyote anayezidharau hajasimama mbele ya darasa la watoto wanaoogopa sauti zao wenyewe.

Lakini tulinganishe na kazi nyingine ya wakati uleule. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, tamthilia juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi hiyo nayo ilihusu ukombozi na umoja, tena ikasomwa sana shuleni. Tofauti ni kwamba msomaji anaachwa na mgogoro mkononi: je, imani inayowaunganisha watu iendelee kushikwa hata pale aliyeileta anapoitilia shaka? Mwanafunzi hawezi kuitikia tu. Hana budi kujibu kwa akili yake.

Elimu ya msingi kwa wote ilipotekelezwa mwaka 1977, na baadaye ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, madarasa yalijaa. Kilichotahiniwa ndicho kilichofundishwa. Ngonjera ikasogezwa pembeni, ikabaki sanaa ya mahafali na ya kumpokea mgeni rasmi, ambapo beti hugeuka kuwa sifa na orodha ya maombi ya madawati.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo, jina la somo kwenye ratiba halitatusaidia iwapo mwalimu ataingia darasani na ngonjera iliyokwisha kuamuliwa.

Kwa kuhitimisha, napendekeza jambo dogo linaloweza kufanywa bila fedha. Mwalimu atoe beti za upande mmoja tu, juu ya jambo linalowagusa watoto, kwa mfano maji ya kijiji au kazi za nyumbani kwa wavulana na wasichana. Beti za kujibu wazitunge wanafunzi wenyewe, kisha asiwepo wa kutangaza mshindi. Hapo ngonjera itarudi karibu na Muyaka, na karibu zaidi na kile ambacho waraka wa 1967 ulikidai.